Hapana, Ni Tarehe

Kilikufa saa nane usiku kwa saa za Rēzekne,
saa sita kamili kwa saa za mashine,
ambazo hazina baridi wala nchi.
Hakikuugua. Hakikukohoa.
Sekunde moja kilikuwa cheti,
sekunde ya pili kikawa karatasi ambayo si hata karatasi.

Nje, nyuzi kumi na tisa chini ya sifuri.
Boila zikinguruma kwa afya njema,
mabomba mazima, maji yanatokota,
lakini pampu ya Mtaa wa Kaskazini,
iliyoisikia sauti ya seva yetu kila dakika kwa miaka mitano,
iliisikia tena, sauti ileile,
ikasema: sikujui.
Na ya sokoni ikasema: sikujui.
Na ya hospitali ya wazazi, hata hiyo, sikujui.
Ishirini na tatu kwa jumla, kila moja imejifungia
kama tulivyoifunza sisi wenyewe:
usimfungulie mwenye kitambulisho kilichopitwa na siku,
hata awe nani.

Simu zikaanza saa kumi.
Vizma alizipokea akiwa na koti na glavu moja.
Mzee mmoja aliuliza kama ni vita.
Mpaka hauko mbali; si swali la kuchekwa.
Vizma akamwambia: Hapana, babu. Ni tarehe.
Kimya kirefu.
Tarehe ya nini?
Vizma akanitazama mimi.

Tulionywa. Usidhani hatukuonywa.
Barua ya siku tisini, ya siku thelathini,
ya siku saba, na ile ya kesho,
zote zilifika salama salimini
kwenye sanduku la Skaidrīte
aliyestaafu mwezi Mei.
Hakuna aliyelifunga, hakuna aliyelifungua.
Humo zimelala na matangazo ya viatu.
Ufa huu haukuwa ukutani tuuone;
ulikuwa kwenye kalenda.

Mkurugenzi akapiga, sauti imejaa usingizi:
Ziambie tu ziache kuuliza.
Inawezekana. Mstari mmoja, neno moja: usikague.
Pampu saba za kwanza nilizifanyia hivyo,
niseme kweli, kwa ajili ya wale watoto wa siku mbili,
na mara saba nilijiona kama mtu
anayeng'oa mlango kwa uvivu wa kutafuta ufunguo.
Zilizobaki nilizifuata moja moja,
kompyuta ndani ya koti, kifuani, betri isigande,
nikizipa cheti kipya kama dawa kwa kijiko.
Alasiri nilizirudia zile saba.
Ndipo mabomba ya ukutani mjini yakaanza kugonga,
ko, ko, ko,
kama mgonjwa anayerudiwa na fahamu na kudai chakula.

Hili lifuatalo sikumwambia mkurugenzi.
Siku tuliyomuaga, keki ikiwa mdomoni mwangu,
Skaidrīte alinikabidhi daftari la kijani.
Nilisema asante.
Nililiweka chini ya kopo la chai.
Jioni ile nililikuta palepale,
lina duara la kikombe usoni.
Kurasa kwa kurasa, kwa penseli:
jina la mashine, siku ya kuzaliwa, siku ya kufa.
Na huyu wetu amepigiwa mistari miwili:
Januari. Msiningoje.

Nikampigia. Nilikuwa nimejipangia maneno,
samahani ya kwanza, samahani ya pili.
Alipokea akitafuna kitu,
hakunisalimu.
Kile cha Januari? akauliza.
Nikasema ndiyo.
Nikasikia kikombe kikiwekwa mezani,
kiti kikivutwa.
Fungua ukurasa wa tisa, akasema.
Una kalamu?
Kuna kingine Machi.